Mwamba Safarini: Kuihamishia Kwala Bahari ya Sebuleni

Tangi lenye lita 400 za maji ya bahari limebeba takribani kilo 410 za maji peke yake. Weka mawe kilo 40, mchanga kilo 30, kioo cha milimita 10 na meza ya chuma iliyokibeba, na tayari umevuka nusu tani. Hakuna vijana, wawe na nguvu kiasi gani, watakaoliinua tangi hilo likiwa zima na kulifikisha mlangoni salama, kwa sababu silikoni inayoshika kona za kioo itaachia kabla ya migongo yao. Anayehama nyumba na tangi la matumbawe hana njia ya mkato. Lazima alivunje lote, aweke kila kiumbe kwenye chombo chake, asafiri, kisha alijenge upya huku viumbe hao wakisubiri ndani ya ndoo.

Safari ninayoizungumzia ni ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kwala. Miaka michache iliyopita isingemjia mtu akilini. Kwala ilikuwa kata tulivu ya Wilaya ya Kibaha, upande wa kuelekea Kisarawe, nchi ya ng'ombe na mashamba iliyopitiwa na reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905. Leo ina Bandari Kavu iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025, ina treni za SGR, barabara ya zege inayotokea Vigwaza, na eneo la viwanda linalozidi kupanuka. Mafundi, wahasibu, madereva na mawakala wa forodha wanahamia huko na familia zao. Wanahama na makochi, friji na vitanda. Aliyekuwa na bahari sebuleni kwake Mbezi au Kigamboni atataka kuhama nayo pia, na ana haki ya kutaka, maana tangi lililokomaa kwa miaka halinunuliki dukani.

Kibaha na Kisarawe zipo Mkoa wa Pwani, lakini hakuna hata moja kati yake inayogusa maji ya chumvi. Kwa mtu, kilomita takribani 90 kutoka jijini ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa tumbawe ni saa nyingi bila mkondo wa maji, bila mwanga, na joto likipanda ndani ya ndoo.

Wengi huanza na swali la maji: nitayabebaje, nitayapata wapi nikifika? Ni swali la haki, na nitalifikia. Ila la kwanza ni mawe.

Uhai ulio ndani ya jiwe

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila anapopumua. Amonia hiyo ni sumu, na katika maji ya bahari ambayo pH yake ni kama 8.2 inakuwa kali kuliko ingekuwa katika maji baridi. Samaki hafi kwenye tangi lililokomaa kwa sababu kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Hawa hawaelei majini kwa wingi. Wamejibandika kwenye kila uso mgumu: kwenye kioo, kwenye chembe za mchanga, na zaidi ya kote kwenye mawe ya matumbawe yaliyokufa, ambayo yana vitundu ndani na nje mithili ya mkate wa kumimina. Katika vitundu vya ndani kabisa, ambako oksijeni haifiki vizuri, wanaishi bakteria wa aina nyingine wanaochukua nitrati na kuigeuza gesi ya naitrojeni ikapotea hewani.

Tangi jipya lenye mawe makavu huchukua wiki nne hadi sita kabla ya jamii hiyo ya bakteria kutosha. Tangi la miaka mitano lina zaidi ya bakteria: lina sifongo waliojificha chini ya mawe, minyoo wa usiku, konokono wadogo, na mwani wa chokaa wa rangi ya waridi unaoyagandisha mawe pamoja. Vyote hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya kusafisha ambayo mwenye nyumba anadhani inafanywa na pampu. Ukifika Kwala na kioo kipya, taa mpya na maji mapya, lakini mawe yakiwa hai, tangi litasimama. Ukifika na kioo kilekile na kila tone la maji ya zamani, ila mawe ulishayasugua kwa maji ya bomba na kuyaanika juani ili yapakiwe kwa urahisi, umehamisha sanduku la kioo tu. Klorini ya bomba na jua la Machi vimeshaua kilichokuwa na thamani.

Ndiyo maana nasisitiza: mawe yasafiri ndani ya maji ya bahari, kwenye mapipa yenye mfuniko, na pampu ndogo ya hewa ya betri ikivuma ndani yake. Kitambaa kibichi kinatosha kwa jiwe lenye bakteria na mwani pekee kwa muda mfupi, lakini jiwe lenye sifongo lisitolewe majini hata dakika moja pasipo sababu. Hewa ikiingia kwenye mifereji ya sifongo haitoki kirahisi. Sifongo hufa, huoza, na amonia yake inawaua wengine ukiwa umeshafika na unadhani kazi imekwisha.

Waliojaribu baharini

Kazi hii ya kuubomoa mwamba na kuusimamisha tena imefanywa pia kwenye bahari yetu wenyewe, kwa kiwango kisichoingia sebuleni, na anayehamisha tangi ana mengi ya kujifunza huko.

Kisiwani Mafia, katika miaka ya 1990, mtafiti Ulf Lindahl alipanda upya matumbawe ya matawi mahali mwamba ulipokuwa umeharibika. Hakutumia saruji wala vyuma vya gharama. Alilaza vipande kwenye sakafu ya bahari, na vingine akavifunga pamoja kwa kamba ili vishikane na visisukumwe na mawimbi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1998 katika jarida la Ambio. Njia hiyo ilikuwa ya bei ndogo kwa makusudi, kwa sababu mwamba wa Mafia unahitaji dawa ambayo kijiji kinaweza kuimudu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilikuwa imeanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini kwa hadhi hiyo, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994.

Kisha likaja joto la 1998. Maji ya Bahari ya Hindi yalipanda joto kupita uvumilivu wa matumbawe, na matumbawe yakawatapika mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yao na kuwalisha, yakabaki meupe. Kwenye mwamba wa Tutia, kusini ya Mafia, matumbawe mengi yalikufa lakini mifupa yake ikabaki imesimama. Watafiti walipohesabu samaki kabla na baada ya kifo hicho hawakukuta mwamba mtupu. Samaki wanaokula mwani walikuwa wameongezeka, kwa kuwa mifupa ilifunikwa na mwani na bado ilikuwa na mapango ya kujificha. Mahali palipopigwa baruti ni tofauti kabisa. Huko mwamba husagika ukawa kokoto, kokoto hutembea kila maji yanapokwenda na kurudi, na mche wa tumbawe unaotua juu yake unasagwa kabla haujashika. Tanzania ilipiga marufuku uvuvi wa baruti tangu mwaka 1970, lakini milipuko iliendelea kwa miongo mingi Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Mtwara, hadi operesheni za pamoja za vyombo vya dola zilipoipunguza sana kuanzia katikati ya miaka ya 2010.

Umbo la mwamba ni nusu ya uhai wake. Hilo ni kweli Tutia na ni kweli kwenye tangi la lita 400. Kabla hujagusa jiwe la kwanza, piga picha za tangi kutoka mbele, kutoka pembeni na kutoka juu. Chora kwenye karatasi jiwe lipi limekaa juu ya lipi, mkondo wa pampu unapita wapi, tumbawe lipi linapokea mwanga mwingi na lipi limejificha kivulini. Utakapokuwa Kwala usiku, umechoka, kichwa hakitakumbuka.

Leo kazi ya kupanda miamba inaendelea sehemu nyingi za pwani. Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, miundo ya chuma na saruji imeshushwa chini na vipande vya matumbawe kupandwa juu yake tangu mwaka 2021. Wasini, kusini ya Kenya, wanakijiji wamekuwa wakifanya kazi hiyo pamoja na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya nchi hiyo. Naiheshimu kazi hii, na wanaoifanya wanajua kuliko yeyote jinsi kuujenga mwamba kulivyo kwa polepole. Kisiwa cha Chumbe kimepita njia nyingine: kililindwa kisheria mwaka 1994, wavuvi wa jirani wakafundishwa kuwa walinzi, na mwamba wake mdogo umebaki na sehemu kubwa ya aina za matumbawe magumu ya Afrika Mashariki. Hakuna aliyelazimika kuupanda.

Kutokana na hayo nina msimamo ambao sitaulegeza. Tangi la nyumbani lisijengwe kwa kuuibia mwamba ulio hai. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinayalinda ndani ya nchi. Samaki wa mapambo wana biashara halali yenye leseni; Kenya imekuwa ikiwauza nje kwa miongo mingi, wakikamatwa na wazamiaji wa Kilifi na Shimoni. Matumbawe ya tangi yawe vipande vilivyokatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokuzwa tangini, yenye karatasi zake. Mawe ya msingi yawe chokaa kavu ya machimbo: kuanzia Kunduchi hadi Boko na Wazo kuna miamba ya matumbawe ya kale iliyoachwa nchi kavu na bahari, ileile inayotengeneza saruji, na jiwe moja kavu likiwekwa katikati ya mawe hai hupata bakteria lenyewe ndani ya miezi michache. Anayevunja tumbawe Bongoyo au Mbudya ili kujazia tangi lake anachukua kutoka kwenye eneo lililotengwa tangu mwaka 1975.

Siku ya kuvunja

Siku mbili kabla, acha kulisha. Samaki mwenye tumbo tupu anachafua maji kidogo, na ndani ya ndoo kila gramu ya kinyesi inahesabika. Wiki iliyotangulia maji mapya yawe tayari yamechanganywa, yanazungushwa na pampu, na chumvi yake imepimwa.

Asubuhi ya kazi, zima hita na taa kabla ya kingine chochote. Hita ya kioo ikitolewa majini ikiwa inawaka hupasuka. Halafu, kabla hujaingiza mkono, vuta maji safi ya juu kwa mpira hadi ujaze madumu kumi ya lita 20. Hayo ndiyo maji ya zamani utakayosafiri nayo. Yana bakteria wachache, lakini yana kemia ambayo viumbe wako wameizoea, na nusu ya maji ya zamani ikichanganywa na nusu mpya inawaepusha na mshtuko. Ukisubiri hadi mawe yameshatoka, maji hayo yatakuwa tope.

Matumbawe yatoke ya kwanza, kila moja kwenye chombo chake, maana yakisongamana yanachomana kwa miiba yao midogo ya sumu na kumwaga ute. Vaa glovu na miwani. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya zoantha yana palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazojulikana kutoka baharini. Jeraha kidoleni au tone jichoni linatosha kumpeleka mtu hospitali. Kamwe usimwagie mawe yenye matumbawe hayo maji ya moto ili kuyasafisha. Familia nzima zimewahi kuugua katika nchi za wenzetu kwa kuvuta mvuke wake.

Samaki usiwakimbize na wavu mawe yakiwa bado yamepangwa. Utamchosha kitatange hadi aone giza, na hutampata. Toa mawe moja moja, yatikise polepole ndani ya maji yaleyale ili kaa na mkunga waliojificha watoke, na maji yakibaki kimo cha kiganja, samaki wote wako mbele yako na wanainuliwa kwa bakuli bila mbio. Bakuli ni bora kuliko wavu kwa kangaja, ambaye ana wembe pande mbili za mkia wake na hunasa nyuzi nao.

Unabaki mchanga. Hapa ndipo matangi mengi huuawa na mkono wa mwenyewe. Mchanga wa miaka mitano umekusanya uchafu chini, na katika tabaka ambalo oksijeni haifiki kuna gesi ya salfidi yenye harufu ya yai bovu. Ukiuchota pamoja na tope lake na kuumwaga kwenye tangi lililojengwa upya, unaamsha mara moja sumu yote iliyolala humo. Ushauri wangu ni kuutupa karibu wote. Hifadhi vikombe viwili vitatu vya tabaka la juu, uvisuuze kwa maji ya bahari uliyoyavuta, uvitumie kama mbegu ya minyoo na bakteria kwenye mchanga mpya uliooshwa.

Barabarani

Oksijeni ndiyo saa ya safari hii. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 yanaweza kushika takribani miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika kama 6.2, na wakati huohuo samaki anapumua kwa kasi zaidi. Ndani ya gari lililofungwa vioo juani nyuzi 30 zinapitwa upesi sana. Kwa hiyo ondoka alfajiri, kabla Barabara ya Morogoro haijajaa. Upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha umepunguza foleni, lakini lori moja likiharibika mlimani linaweza kukusimamisha saa nzima. Samaki na matumbawe wakae kwenye gari lenye kiyoyozi, ndani ya maboksi ya foamu wanayotumia wauza samaki wa Feri. Mawe na madumu yapande pikapu, yafunikwe turubai. Kioo kisafiri wima, kitupu, kimefungwa blanketi. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine njiani ila kusikiliza kama pampu za hewa bado zinavuma.

Ukipita Mlandizi uko karibu na mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959 kuipa Dar es Salaam maji. Mto Ruvu unatoka milima ya Uluguru, unapita nchi hii, na unaingia baharini kaskazini kidogo ya Bagamoyo ukiwa umebeba udongo wa njia nzima. Udongo ukitanda majini unalinyima tumbawe mwanga na kuziba vinywa vyake. Mwenye tangi Kwala aliangalie hilo kwa makini zaidi ya wengine: viwanda vinavyojengwa sasa, miti inayokatwa kwenye kingo za vijito, mashamba yanayolimwa hadi ukingoni, vyote vina safari ya kwenda mwambani kwa njia ya Ruvu. Nasikitika kwamba mazungumzo ya maendeleo ya Kwala yanahesabu makasha na mabehewa na hayautaji mto.

Maji na chumvi

Mtu aliye Kwala ana njia mbili za kupata maji ya bahari. Ya kwanza ni kuyafuata. Yachote maji ya bamvua yakiwa yamejaa kabisa, yanapokuwa yameingia kutoka mbali na ufuko, mahali palipo mbali na midomo ya Ruvu na Msimbazi, na isiwe masika. Yachuje kwa kitambaa cha nyuzi nzito, yaache gizani siku kadhaa, uyapime kabla ya kuyatumia. Ni njia nzuri kwa aliye Kunduchi. Kwa aliye Kwala, anayepaswa kubadilisha lita 40 kila wiki mbili, inachosha haraka.

Ya pili ni kuyatengeneza kwa chumvi maalumu ya matangi, gramu 35 kwa kila lita, yaani kilo 14 kwa tangi lote. Na hapa huja wazo ambalo linaonekana la busara: Bagamoyo kuna mashamba ya chumvi, chumvi ile imetoka baharini, kwa nini isiyeyushwe irudi kuwa bahari? Haiwezi. Maji yanapokauka kwenye jaruba, chokaa hutangulia kutuama, ikafuatiwa na jasi. Baadaye ndipo fuwele za chumvi ya kula zinapojijenga, na magnesi nyingi inabaki kwenye maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Gunia lina chumvi safi ya kupikia. Bahari ina takribani miligramu 410 za kalsiamu na karibu 1,300 za magnesi katika kila lita, na tumbawe linajenga mfupa wake kwa hizo. Kwenye maji ya gunia litakaa bila kujengeka, kisha litakufa.

Maji baridi ya kuyeyushia nayo yana masharti. Ya bomba yana klorini. Ya visima katika maeneo mengi ya Mkoa wa Pwani yana chumvichumvi na madini yasiyojulikana kipimo. Mashine ndogo ya kuchuja kwa utando ni gharama, lakini kati ya vifaa vyote hiyo ndiyo nisingeiacha. Taa inaweza kusubiri.

Kusimamisha tena

Sakafu kwanza. Mwite fundi apime kwa pima maji, kwa sababu tangi lililoinama sentimita moja linabana kona moja ya kioo mchana na usiku. Tandika foamu nyembamba chini. Panga mawe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, na mchanga uje baadaye kuyazunguka. Ukipanga mawe juu ya mchanga, kamba na samaki wachimbaji watafukua chini yake, na jiwe la kilo nane litaanguka usiku ukutani mwa kioo. Maji ya zamani yatangulie, mapya yafuate polepole. Pampu ziwashwe. Kungu ya mchanga ikitulia na joto likiwa kati ya nyuzi 25 na 27, viumbe waanze kuzoeshwa: tone baada ya tone la maji ya tangi ndani ya ndoo zao kwa muda wa saa moja hivi.

Kwala haina upepo wa bahari. Mchana joto la chumba litakuwa juu kuliko lilivyokuwa Kigamboni, na hita yako huenda ikapumzika miezi mingi huku kazi ikiwa kupoza. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya yavukize. Yanayovukiza ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku jazia kwa maji baridi na kamwe si ya chumvi. Wakosao hapa hupandisha chumvi bila kujua hadi konokono waanze kuanguka. Umeme ukikatika, kinachohitajika ndani ya saa ya kwanza ni hewa. Betri na inveta ya kuendesha pampu moja tu ya mkondo vinatosha kuokoa tangi usiku kucha. Taa na feni zisubiri Tanesco.

Mwanga usirudishwe kwa nguvu zote. Matumbawe yaliyokaa gizani siku nzima yakipigwa na taa kamili hutapika mwani wao, kama yalivyofanya baharini mwaka 1998, 2016 na tena 2024, ingawa hapa chanzo ni mwanga na uchovu. Anza na theluthi ya nguvu, ongeza kwa wiki mbili tatu.

Kuna pia mabaki. Maji ya zamani yaliyobaki usiyamwage bustanini, kwani lita 200 zina kilo saba za chumvi na mchicha hautaota hapo. Yatie dawa ya klorini, yaingie chooni kidogo kidogo. Samaki usiyemtaka, mwani uliozidi, jiwe usilolihitaji, visirudi baharini kamwe, hata kama unaamini vilitoka huko. Samaki simba, mwenye mapezi marefu ya sumu, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alionekana Florida mwaka 1985, wanasayansi wanaamini kutokana na watu kuachia samaki wa matangi, na sasa ameenea Karibiani nzima akila samaki wachanga wasiomjua. Mwani wa mapambo aina ya kaulerpa ulionekana mwaka 1984 mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco na ukatanda kwenye Mediterania. Usichokihitaji mpe mfugaji mwingine.

Kisha kupima. Amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, hata kama samaki wanacheza na maji yanang'aa. Kipimo kikionyesha chochote juu ya sifuri, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo na upunguze chakula. Mwani wa kahawia utatanda kwenye mchanga mpya wiki ya pili au ya tatu. Uache, utaliwa na konokono na kuisha wenyewe madini yake yakipungua. Kalsiamu na ualkali zitashuka polepole mwanzoni, kwa kuwa matumbawe yaliyoumia hayajengi mfupa. Siku zitakapoanza kushuka kwa kasi ya zamani, utajua yameanza kukua, na hapo ndipo uongeze kalsiamu unayoweka.

Samaki wapole warudi wa kwanza. Kangaja na kikande wabaki kwenye tangi la kusubiri, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, hadi wapole wapate mapango yao kwenye mpangilio mpya. Kangaja akitangulia atamiliki kila pango, na kila atakayemfuata atapigwa hadi aache kula. Mwache wiki tatu au nne, mlishe vizuri huko aliko, mwingize jioni taa zikiwa zimezimwa.